Websaiti za kufundishia: zipime kabla hazijaingia darasani

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Nafundisha Jiografia na Biolojia kidato cha kwanza na cha pili, sekondari ya kata huku Kasulu. Tumepata projekta moja na laptopu moja kwa shule nzima, intaneti ni bando la simu yangu mwenyewe. Mkuu anataka kila idara ipeleke orodha ya websaiti nzuri za kufundishia. Nimeuliza kwenye grupu la walimu nikarundikiwa malinki hata sijui nianzie wapi, kila mtu anasifia yake. Nitajuaje ipi ya maana na ipi takataka? Halafu wanafunzi wangu wengi Kiingereza bado kinawasumbua.

JIBU: Nzuri tu mwalimu, pole na majukumu. Mimi niko Tabora, kazi yangu ni kuwanoa walimu kwenye mambo ya TEHAMA, na swali hili nakutana nalo karibu kila semina ila wengi wanauliza kana kwamba shule zao zina intaneti ya bure, wewe angalau umesema ukweli wa bando. Nitaandika kwa kirefu kidogo, vumilia.

Kwanza hiyo "orodha ya websaiti nzuri" iweke pembeni. Websaiti inakuwa nzuri kwa mada fulani na kwa watoto fulani, basi. Anza na azimio lako la kazi, kaa nalo mezani, chagua mada mbili tatu ambazo kitabu na chaki vinakuangusha kila mwaka. Sehemu za jani? Nje ya darasa lako kuna miembe na migomba, mtoto ashike jani lenyewe alichane aone mishipa, projekta ya nini hapo. Lakini seli mtoto haioni bila hadubini na hadubini hamna, au bonde la ufa ambalo mkoa wenu uko pembeni yake kabisa lakini ukilichora ubaoni linabaki mistari miwili tu na mshale. Mada za namna hiyo ndo zinahitaji websaiti. Ukianzia kwenye mada, yale malinki mengi yote yanapungua yenyewe kabla hata hujafungua moja, maana mengi ni ya masomo mengine au ni notsi tupu ambazo kwenye kitabu tayari zipo.

Sasa kupima. Kipimo changu cha kwanza sijakitoa kwenye kitabu chochote: iulize websaiti jambo la kwenu ambalo huwezi kudanganywa. Nyie watu wa Kigoma mna bahati hapa kuliko walimu wa mikoa mingi, maana ziwa lenu lipo kwenye kila websaiti ya Jiografia duniani. Ziwa Tanganyika kina chake kirefu kabisa ni mita kama 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi, urefu kilomita 670 na ushee, nchi zinazolizunguka ni nne, sisi, Kongo, Burundi na Zambia. Fungua ukurasa wao wa maziwa. Wakikuandikia kwamba kina chake ni mita 570 bila maelezo ujue wamebeba kina cha wastani wakakiweka mahali pa kina kirefu kabisa. Wakisema Victoria ndo lenye kina kuliko yote Afrika (Victoria ni kubwa kwa eneo, ila kina chake hata mita 100 hakifiki) funga nenda zako, usiangalie hata picha zao.

Kipimo kingine cha kwenu ni mvua, na hiki nakipenda zaidi maana kinakamata hata websaiti zinazoonekana za heshima. Utakuta ukurasa umeandika Tanzania ina misimu miwili ya mvua, masika na vuli, nukta. Hiyo ni kweli kwa pwani na kaskazini, ila huku kwetu magharibi, Kigoma na Tabora, tuna msimu mmoja tu wa mvua, unaanza kama Novemba unaenda mpaka Aprili, Mei mwanzoni. Mtoto wa Kasulu ambaye kwao wanalima mahindi na maharage anajua hilo toka hajaanza shule, halafu mwalimu anakuja kumuonyesha kwenye projekta kubwa kwamba kuna vuli ya Oktoba mpaka Desemba kisha ukame kidogo kisha masika. Atakariri kwa sababu ya mtihani, lakini moyoni ameshajua kwamba mambo ya kwenye kompyuta na mambo ya shambani ni vitu viwili tofauti. Hiyo ndo hasara yenyewe.

Mwenzako wa Historia naye ana Ujiji. Aangalie wanaandikaje siku Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Stanley aliandika 10 Novemba, ila shajara ya Livingstone inaelekea mwishoni mwa Oktoba, na Livingstone mwenyewe hesabu ya siku ilikuwa imempotea kwa sababu ya kuumwa. Websaiti inayokwambia kwamba tarehe zinapishana na kwa nini zinapishana, hiyo imeandikwa na mtu aliyesoma. Inayotoa tarehe moja kavu sio lazima iwe mbaya, ila ikijumlisha na makosa mengine mawili matatu unaona kabisa walinakili kwa wenzao bila kuuliza.

Mantiki yake rahisi tu: hujui kama wamekosea kuhusu milima ya Andes maana hujawahi kufika, ila unajua walivyofanya kuhusu kwenu. Mtu aliyelipua ziwa lako hawezi akawa makini na la wengine.

Kipimo cha pili: toka nje. Walimu wengi tukifungua websaiti tunakaa humohumo, tunasoma ile sehemu ya "kuhusu sisi", tunaangalia nembo, tunaona picha za watoto wanacheka na kompyuta, tunaridhika. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, waliwapa kazi ya kupima kurasa za mtandaoni watu wa aina tatu: maprofesa na wasomi wa historia, wanafunzi wa hapohapo Stanford, na watu ambao ajira yao ni kuhakiki habari. Wasomi na wanafunzi wengi walikaa ndani ya ukurasa wakisoma kwa utulivu, na wengi wakadanganyika na muonekano. Wahakiki wao hawakukaa, walitoka harakaharaka wakafungua kurasa nyingine kuuliza hawa jamaa ni akina nani, nani anawalipa, wengine wanawasemaje. Dakika chache wakawa wameshajua kuliko wale wasomi. Na wewe fanya hivyohivyo, andika jina la websaiti kwenye Google, ruka majibu yanayotoka kwao wenyewe, soma ya watu wengine. Kama hakuna mtu yeyote mahali popote anayewajua, hakuna shule, hakuna gazeti, hakuna taasisi, hiyo nayo ni taarifa.

Kuna wanaokufundisha kuangalia mwisho wa anwani. Inasaidia, ila kidogo. Anwani za .go.tz ni za serikali na .ac.tz ni za vyuo, hizo mtu hajiokotei tu. Lakini .org na .co.tz anaweza kununua mtu yeyote, kwa hiyo mwalimu anayeniambia "hii ni ya kuaminika maana ina org" huwa namuuliza kwani org inauzwa shilingi ngapi.

Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi wenyewe jambo hili, watafutie ile websaiti ya pweza anayeishi juu ya miti huko kaskazini magharibi mwa Marekani. Imekuwepo tangu mwaka 1998, aliyeitengeneza anajiita Lyle Zapato, ina picha, ina maelezo ya mazalia yake, ina mpaka kampeni ya kumwokoa asitoweke, na mnyama hayupo kabisa. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Connecticut waliwapa wanafunzi 25 wa darasa la saba waipime, karibu wote wakaiamini. Kwa Biolojia ya kidato cha kwanza mada ya uainishaji hiyo ni dawa, waambie watoto waeleze kwa nini pweza hawezi kuishi juu ya mti, watakutajia unyevu, watakutajia namna anavyopumua, kipindi kimeisha na wamejifunza vitu viwili kwa bando moja.

Mtaala sasa, hapa napita haraka maana unajua. Mtaala ulioboreshwa umeanza kutumika kwa awamu toka Januari 2024, kwa hiyo shule hiyohiyo ina madarasa ya mpya na mengine yanamalizia wa zamani. Websaiti nyingi za notsi za hapa nyumbani zimebaki na mada za muhtasari wa zamani na hawajaandika tarehe popote. Shuka mpaka chini kabisa ya ukurasa utafute mwaka, usipouona, linganisha vichwa vya mada zao na muhtasari wako wa TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), kazi ya dakika tano.

Matangazo. Hili watu hawalisemi na linaniudhi. Baadhi ya hizo websaiti za notsi za bure zinaishi kwa matangazo na matangazo yenyewe ni ya kubeti. Wewe kwenye simu umeshazoea, unayapitisha kwa kidole. Sasa weka ukurasa huohuo kwenye projekta, ukuta mzima, watoto zaidi ya sabini, unataka kuwaonyesha mzunguko wa maji linaruka dirisha la mkeka wa kubeti na odi, darasa zima linapiga kelele, kuna mtoto nyuma anazitaja timu zote. Kulirudisha hilo darasa kwenye mvuke na mawingu ni kazi. Halafu kuna ule mchezo wa kuweka vitufe vya kupakulia vitatu kwenye ukurasa mmoja, kimoja tu ndo cha kweli, ukikosea unaingiza mdudu kwenye laptopu pekee ya shule. Sheria yangu kali: websaiti ambayo siwezi kuifungua mbele ya mzazi aliyekuja ghafla, haiingii darasani hata kama notsi zake ni dhahabu. Notsi zinakiliwe kwenye andalio, websaiti ibaki nje.

Tuje kwenye bando na umeme maana ndo panapoamua kila kitu. Kwa hali yako, swali la "hii websaiti inafundisha vizuri?" linakuja baada ya "hii websaiti naweza kuondoka nayo?" Namaanisha kuipakua usiku ukiwa na bando la bei nafuu, uiweke kwenye flashi, kesho darasani ufungue bila intaneti. Kama kila kitu kiko kwenye video za kutazama mubashara, sahau, utakaa na watoto mnaangalia kale kaduara kanazunguka.

Mfano mzuri ni PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ilianzishwa 2002 na Carl Wieman aliyekuwa ameshinda Nobel ya Fizikia mwaka mmoja kabla. Ni majaribio ya kuchezea kwenye skrini, bure, hayana matangazo, unapakua faili moja na linafunguka kwenye kivinjari cha kawaida bila intaneti, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Watu wanadhani ni ya Fizikia tu. Wewe una mada ya mfumo wa jua kidato cha kwanza: tafuta lile la mvutano na njia za sayari. Unaweka jua katikati, dunia inazunguka, mwezi unaifuata. Kabla hujabonyeza chochote waulize, nikizima mvutano dunia itafanyaje? Wengine watasema itasimama, wengine itaanguka chini, wengine itaingia kwenye jua. Waache wabishane kwanza, usiwasaidie. Ndo unazima. Dunia inachomoka inakwenda zake moja kwa moja kwenye mstari ulionyooka. Hapo kuna kimya kidogo kisha maswali yanakuja ambayo kitabu hakijawahi kuyaleta. Na kitu kimoja kinachonifanya niwaamini hawa jamaa: wametenganisha sehemu mbili, moja ya mchoro wa kueleweka tu ambao vipimo sio halisi, na nyingine ya vipimo halisi ambayo ukiifungua dunia na mwezi vinakuwa vidoa huwezi hata kuviona vizuri. Wanakuonyesha wenyewe mahali ambapo picha yao inadanganya. Websaiti ngapi zinafanya hivyo?

Kwa kuondoka nayo hivyohivyo kuna Kolibri, programu ya bure ya shirika la Learning Equality, unaipakia masomo ya Khan Academy (websaiti ya Kimarekani ya masomo ya bure) na mengine mara moja tu pale mjini penye intaneti nzuri, halafu laptopu yako inayagawa kwa vifaa vingine darasani bila bando hata moja. Ina mpaka muonekano wa Kiswahili. Na kuna programu ya Kiwix inayokupa Wikipedia nzima bila intaneti, ila ya Kiingereza yenye picha zote ni zaidi ya GB 90 usijaribu, chukua ya Kiswahili ambayo ni ndogo sana au vifurushi vya mada. Wikipedia ya Kiswahili ipo toka 2003, ina makala nzuri na nyingine ni mistari miwili mitatu tu, wenyewe wanaziita mbegu. Itumie wewe kuandaa somo, angalia vyanzo vyake chini ya ukurasa, usiwape watoto wanakili.

Kuhusu Kiingereza. Usipime kwa macho yako wewe mwenye diploma. Chukua aya moja ya hiyo websaiti, iandike kwenye karatasi, ita watoto watatu, mmoja anayeongoza, mmoja wa katikati, mmoja anayesuasua, wasome kisha wakueleze kwa Kiswahili wameelewa nini. Yule wa katikati akishindwa, hiyo websaiti ni ya kwako, chukua picha na michoro, maneno andika yako. Nimeona walimu wanapenda sana kurasa za Marekani zenye rangi nzuri, zinaeleza majira kwa theluji na majani kupukutika, joto kwa nyuzi za Fahrenheit, mtoto wa Kasulu anapambana na lugha na theluji kwa wakati mmoja. Na kama unataka kuwasaidia Kiingereza chenyewe hasa wale wa kidato cha kwanza, African Storybook ina hadithi fupifupi zilizopangwa kwa viwango na nyingi zipo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili pia, zina leseni huria unaruhusiwa kuzichapisha na kuzigawa. Zimeandikiwa watoto wadogo zaidi, kweli, lakini mpe anayesuasua utaona.

Za nyumbani za kuanzia hazihitaji maelezo marefu: maktaba mtandao ya TET kwa vitabu vya kiada, NECTA, yaani Baraza la Mitihani, kwa mitihani iliyopita na fomati (majibu ya mitihani yanayosambaa kwenye websaiti za watu binafsi yapime kama nilivyosema, mengine yamejibiwa hovyo), na Shule Direct ambayo imejengwa kufuata masomo ya sekondari ya hapahapa. Khan Academy kwa Biolojia wanaeleza vizuri sana ila mpangilio ni wa Kimarekani, chukua vipande usifuate mtiririko wao.

Jambo dogo ila lina sheria: websaiti ikikutaka uwasajili wanafunzi kwa majina, tarehe za kuzaliwa na namba za simu za wazazi, kataa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na orodha ya watoto wa shule sio mali yako ya kuigawa ili upate notsi. Fungua akaunti moja kwa jina lako utumie hiyo.

Sasa la mkuu. Mpelekee websaiti tatu au nne kwa idara yenu, kila moja na karatasi yake nusu ukurasa: inatumika mada gani kidato gani, nani wanaimiliki, inafanya kazi bila intaneti au la, ina matangazo au haina, nani ameijaribu darasani na lini, na watoto walikwama wapi. Tarehe usiisahau, maana websaiti inabadilika, iliyokuwa safi Januari unaikuta Julai imeuzwa na imejaa mikeka, kwa hiyo kila mwanzo wa muhula mtu mmoja azifungue zote tena. Kama mkuu anasisitiza lazima zifike kumi, mwambie idara ya Hisabati haijapeleka za kwao.